Nyumba Bora: Jua Maji Yatokako Kabla ya Kuziba Ufa

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hii ni ya kweli. Lakini wako watu walioziba ufa, na bado wakajenga ukuta. Kwa nini? Kwa sababu waliziba ufa bila kujua ulitokana na nini.

Mwezi huu tutazungumza juu ya ukuta wa matofali. Tutaona jinsi maji na joto la jua vinavyouharibu. Kisha tutaona la kufanya. Tutatumia mfano wa nyumba za hapa Kigongo, kando ya Ghuba ya Mwanza. Lakini wewe msomaji wa Sengerema, Magu au Kwimba utaona kwamba habari ni ile ile.

UKUTA WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Bwana mmoja na mkewe waliuza pamba yao. Walifyatua matofali, wakayachoma. Wakajenga nyumba ya vyumba vitatu, wakaezeka mabati. Matofali waliyaunganisha kwa udongo, kwa kuwa saruji ni ghali. Fedha iliyobaki walinunua saruji kidogo, wakapiga plasta kuta za nje. Nyumba ikapendeza. Majirani wakaja kuitazama.

Masika ya kwanza yalipokwisha, plasta ya chini ilipata doa jeusi. Doa lilifika kimo cha goti. Kiangazi kilipofika, doa likakauka. Mahali pake pakatoka unga mweupe kama magadi. Kisha plasta ikaanza kubanduka.

Mama wa nyumba hiyo ndiye aliyeona mapema, maana ndiye aliyekuwa akifagia. Siku moja alimwambia mumewe, "Baba watoto, kila asubuhi nafagia unga mwekundu chini ya ukuta huu. Jana nimefagia, na leo upo tena. Ukuta wetu unakwisha."

Mumewe akajibu, "Mama watoto, usiwe na wasiwasi. Nitaongeza saruji."

Kweli akaongeza. Alinunua mifuko mitatu, akapiga plasta nene kuliko ya kwanza. Mwaka wa pili doa likatokea tena. Safari hii lilifika kiunoni. Akaongeza saruji nyingine.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Aprili, mvua ilinyesha siku nne. Mama akaona ukuta wa chumba cha watoto umevimba kama tumbo. Usiku ule akawahamisha watoto, wakalala chumba kingine. Mumewe alimwona mwoga. Kabla ya alfajiri ukuta ukaanguka juu ya kitanda kitupu.

Ndugu msomaji, fanya hesabu ya ukuta kama huo. Urefu wake ni mita 3. Kimo chake ni mita 2 na nusu. Unene wake ni sentimita 23. Ukuta huo una uzito wa karibu tani 3. Ni sawa na uzito wa ng'ombe 10 hivi. Ndiyo maana habari hii si ya urembo wa nyumba. Ni habari ya usalama wa watoto wetu.

Sasa tujiulize: bwana huyu alikosea wapi? Hakuwa mvivu. Hakuwa mbahili. Kila mwaka alitoa fedha. Hebu tuone.

UKUTA HUNYWA MAJI

Unaijua koroboi. Mafuta yako chini, lakini moto unawaka juu. Mafuta hupanda kwa utambi. Utambi una nafasi ndogo ndogo kati ya nyuzi zake, na mafuta hupanda kupitia nafasi hizo.

Tofali pia lina nafasi ndogo ndogo ndani yake. Huwezi kuziona kwa macho, lakini zipo. Udongo ulio kati ya matofali unazo vile vile. Basi ukuta uliosimama juu ya ardhi yenye maji ni kama utambi mkubwa. Maji hupanda kidogo kidogo, usiku na mchana.

Ukitaka kuhakikisha, fanya jaribio hili. Chukua tofali kavu la kuchoma. Lisimamishe ndani ya sahani yenye maji kidogo. Ngoja, kisha litazame. Utaona rangi yake inakolea kuanzia chini kwenda juu. Hakuna aliyelimwagia maji juu. Limekunywa lenyewe.

Tofali lililoiva vizuri hunywa maji kidogo. Tofali ambalo halikuiva hunywa mengi, na mwisho hulainika. Tofali bichi likikaa ndani ya maji hurudi kuwa tope. Udongo wa kuunganishia nao ni hivyo hivyo. Ukilowa sana, unakuwa laini kama siku ile fundi alipouweka kwa mwiko. Ukuta mzito hauwezi kusimama juu ya kitu laini. Huvimba, huinama, kisha huanguka.

MAJI HUTOKA WAPI?

Maji huingia ukutani kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni kutoka chini, kama tulivyoona.

Njia ya pili ni mvua inayopigwa na upepo. Kila nyumba ina upande unaopigwa zaidi. Mvua ikija, tazama ni upande gani wa nyumba yako.

Njia ya tatu ni maji ya paa. Maji yanayotoka kwenye bati huanguka chini, huchimba kifereji, halafu hurukia ukuta pamoja na matope. Paa likiwa fupi, ukuta hulowa zaidi.

Njia ya nne ni sisi wenyewe. Tunaoga karibu na ukuta. Tunamwaga maji ya vyombo pale pale. Tunachimba udongo wa matofali karibu na nyumba, kisha shimo tunaliacha. Masika shimo hujaa maji, na maji hayo huenda chini ya msingi. Shimo hilo huzaa mbu pia.

Yule bwana wa mfano wetu alikuwa na shimo la namna hiyo hatua tano kutoka chumba cha watoto. Kila siku alipita kando yake. Hakujua kwamba ndilo lililokuwa likimlia saruji yake.

JUA NALO HUFANYA NINI?

Watu wengi husema, "Maji ni adui, lakini jua ni rafiki. Litakausha." Ni kweli kwamba jua hukausha. Lakini yako mambo matatu ya kuangalia.

Jambo la kwanza ni chumvi. Maji yanayopanda kutoka ardhini hubeba chumvi za udongo. Jua likiwaka, maji hutoka ukutani na kwenda hewani. Chumvi haziwezi kwenda hewani. Hubaki kwenye uso wa tofali na ndani yake kidogo. Hapo hugeuka kuwa chembe ngumu, na chembe hizo hukua. Zinapokua, husukuma uso wa tofali kutoka ndani. Tofali hubanduka na kuwa unga. Huo ndio unga mwekundu aliokuwa akiufagia yule mama. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, kila mwaka, ndiko kunakolikula tofali.

Jambo la pili ni kutanuka. Kila kitu kikipata joto hutanuka kidogo. Kikipoa hurudi. Mfano mzuri uko hapa kwetu. Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni, 2025. Lina urefu wa kilomita 3 hivi. Ukipita juu yake ndani ya gari, sikiliza magurudumu. Mahali fulani yatagonga. Hapo pana viungo. Mafundi waliacha nafasi ili daraja litanuke bila kupasuka. Zege likiongezeka joto kwa digrii 20, kila mita 100 hurefuka kwa sentimita 2 hivi.

Ukuta wa nyumba ni mfupi, kwa hiyo hutanuka kidogo tu. Ukuta wa mita 10 hurefuka kama milimita 1 kwa joto hilo. Bati hutanuka zaidi ya tofali, na adhuhuri bati huwa la moto sana. Plasta ya saruji nayo haitanuki sawa na tofali lililo nyuma yake. Hivi vitu vitatu vimeshikana, lakini haviendi pamoja. Hapo nyufa nyembamba hutokea. Ufa mwembamba kama unywele hauangushi nyumba. Ila maji ya mvua hupenya humo.

Jambo la tatu ni joto la ndani ya nyumba. Ukuta mnene wa matofali hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Joto la saa 8 mchana huweza kufika ndani saa 2 usiku. Ndiyo maana chumba chenye ukuta wa magharibi huwa na joto wakati wa kulala. Na ukuta uliolowa hupitisha joto zaidi kuliko ukuta mkavu. Chumba chenye unyevu huota ukungu, na ukungu huwasumbua watoto na wenye pumu.

KWA NINI SARUJI HAIKUSAIDIA?

Sasa tunaweza kujibu swali letu. Maji yalikuwa yakiingia kutoka chini. Plasta haikuwa chini. Ilikuwa ubavuni. Basi haikuzuia kitu.

Tena ilileta hasara. Ukuta usio na plasta ya saruji hupumua. Maji yanayoingia hupata mahali pa kutokea. Plasta nene ya saruji hufunga njia hiyo. Maji yakikosa kutoka kimo cha goti, hupanda mpaka kiunoni kutafuta njia. Kila alipoongeza saruji, maji yaliongeza kimo. Na kwa kuwa plasta ilificha tofali, hakuona kwamba udongo wa ndani umelainika.

Hatusemi saruji ni mbaya. Saruji ni nzuri mahali pake. Lakini saruji haiponyi ukuta uliolowa. Kwanza zuia maji. Pili kausha ukuta. Tatu ndipo uzibe ufa.

TAZAMA UDONGO WA KIWANJA CHAKO

Usukumani tunao udongo wa namna nyingi. Uko wa kichanga, ambao huitwa luseni. Huu hupitisha maji haraka. Uko udongo mweusi wa mbuga. Huu hushika maji. Ukilowa hutanuka, ukikauka hupasuka hata mkono ukaingia. Nyumba iliyojengwa juu yake huinuliwa masika na kushushwa kiangazi. Nyufa zake huanzia kwenye pembe za madirisha na kwenda mshazari. Ukiweza, usijenge juu ya udongo huo. Kama huna mahali pengine, chimba msingi mpaka ufikie ardhi ngumu, na maji yasikae upande wowote wa nyumba.

Wenzetu walio ufukweni wana jambo jingine. Ziwa halikai kimo kimoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 lilijaa tena mno, na mwaka 2024 vile vile. Ziwa likipanda, maji ya ardhini nayo hukaribia misingi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria hiyo hulinda ziwa, na nyumba yako pia.

JINSI YA KUTENGENEZA UKUTA ULIOLOWA

1. Mvua ikinyesha, usikae ndani. Jifunike, utoke, uzunguke nyumba. Tazama maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Hii ndiyo kazi ya kwanza, nayo haina gharama.

2. Fukia mashimo yaliyo karibu na nyumba. Hamisha bafu na mahali pa kuoshea vyombo.

3. Ondoa udongo, mbolea na majani yaliyolundikana ukutani. Ardhi ya nje iwe chini kuliko sakafu ya ndani. Itengeneze iteremke kutoka nyumbani, sentimita 5 kwa kila mita. Lakini usichimbe kupita chini ya msingi.

4. Chimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Ukiweza, funga mfereji wa bati kwenye paa na uweke pipa. Utalinda ukuta na utapata maji ya kufulia.

5. Bandua plasta ya saruji iliyolowa. Ifanye kazi hii mwezi wa Juni, mvua zikiisha. Acha ukuta ukauke Julai na Agosti. Usiwe na haraka.

6. Unga mweupe uondoe kwa brashi kavu. Usiuoshe kwa maji. Ukiuosha, chumvi itarudi ndani.

7. Toa matofali yaliyooza, utie mazima. Fanya matofali matatu au manne kwa wakati mmoja, si zaidi. Kama ukuta umeinama, mwite fundi aweke nguzo za kushikilia paa kwanza.

8. Mwisho piga plasta isiyo kali. Mchanganyiko unaofaa ni saruji ndoo 1, chokaa ndoo 2 na mchanga ndoo 9. Kama ukuta ni wa matofali mabichi, tumia udongo uliochanganywa na mchanga na samadi ya ng'ombe. Plasta hiyo utaikarabati kila mwaka, lakini ukuta utapumua.

KAMA UNAJENGA NYUMBA MPYA

Kuzuia ni rahisi kuliko kutengeneza. Shika mambo haya.

Jenga msingi kwa mawe. Mkoa wetu wa Mwanza una mawe mengi. Msingi uinuke juu ya ardhi sentimita 30 au zaidi.

Juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza, tandika karatasi ya lami au nailoni nzito. Ienee unene wote wa ukuta, bila kuacha nafasi. Karatasi hiyo hukata utambi. Maji yakipanda yatakomea hapo. Ni kitu kidogo, lakini nyumba ikishasimama ni kazi kubwa sana kukiweka.

Chagua matofali. Gonga mawili pamoja. Yakilia kwa sauti kali, yameiva. Yakitoa sauti nzito kama ya gogo, hayakuiva. Au tumia mizani. Pima tofali kavu, kisha lizamishe katika maji kwa muda wa saa 24. Lipime tena. Tofali la kilo 3 lisizidi kilo 3 na gramu 600. Likizidi hapo, linakunywa mno. Matofali ya pembeni mwa tanuri mara nyingi hayaivi. Yatumie kwa kuta za ndani.

Paa litokeze nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi. Litazuia mvua, na litatia kivuli ukutani.

Pande ndefu za nyumba zielekee kaskazini na kusini. Hivyo jua la asubuhi na la jioni litapiga pande fupi. Weka madirisha yanayoelekeana ili upepo wa ziwa upite. Chumba kinachopitisha hewa hukauka.

Kama kuni ni shida kijijini kwenu, ulizeni juu ya tofali la udongo na saruji linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono. Tofali hili halichomwi. Serikali ilianzisha kitengo cha utafiti wa ujenzi mwaka 1971, na mwaka 2001 kikawa wakala. Wataalamu wake walieneza tofali la namna hii linalofungamana na mwenzake. Lakini nalo huhitaji msingi mzuri na paa lililotokeza. Hakuna tofali lisilotaka kulindwa.

DALILI ZA HATARI

Usilale karibu na ukuta ukiona dalili hizi:

Ukuta umevimba au umeinama. Ning'iniza jiwe kwa uzi, ulinganishe.

Ufa unapitisha kidole.

Ufa unakua. Weka alama ya mkaa kwenye ncha yake na uandike tarehe. Baada ya wiki mbili tazama tena.

Mlango au dirisha lililokuwa likifunga vizuri sasa linakwama.

Udongo kati ya matofali unatoka kwa kidole.

Wahamishe watoto na wagonjwa kwanza. Usiseme, "Mvua imekwisha, hatari imekwisha." Ukuta uliolowa huweza kuanguka siku ya jua pia. Na mtu wa nyumbani akikwambia ukuta unakwisha, msikilize. Anayefagia huona mengi.

KUMBUKA

Ziba ufa, ndiyo. Lakini kwanza jua maji yatokako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini doa lilipanda kutoka gotini mpaka kiunoni?

2. Unga mwekundu alioufagia yule mama ulitokana na nini?

3. Katika kijiji chenu, ni nyumba ngapi zina shimo la maji karibu? Mnaweza kuyafukia lini kwa pamoja?

4. Pima mwenyewe: nyumba yako ina kuta mbili za mita 4 na kuta mbili za mita 6. Utahitaji mita ngapi za karatasi ya lami kwa kuta za nje?

5. Nyumbani kwako, nani hufagia chini ya ukuta? Muulize ameona nini.